Taarifa ya mwaka ya prezida kwa bamemba: mbegu ya bei, na virisi yenye ilipita

Bapapa na bamama, bayaya na badogo, bamemba bote ba asosiasio yetu ya balimaji ba tomati ba Lubumbashi, bale ba Kashamata, ba Kinsevere, ba pembeni ya Kafubu, na benye banalima kidogo nyuma ya nyumba mu Katuba na mu Ruashi, jambo yenu bote.

Hii taarifa ilipashwa kutoka mwezi yenye ilipita, najua. Mama moja alinitumia mesaje anasema prezida anajificha juu tomati yake ilikufa. Mama, sijifichi. Tomati yangu ilikufa kweli, mitaro yote ya upande ya muto, lakini nilichelewa juu nilitaka kwanza kuelewa nini ilitupata mbele ya kufungua kinywa, juu mwaka jana nilisema mbele ya kuelewa na munaona kwenye ilitufikisha.

Nianze na bintu bidogo biishe. Pompi ya mayi ya pamoja ilitengenezwa mara mbili, mara ya pili fundi aliweka kipande ya pikipiki ndani na inatembea mpaka leo, sijui namna gani, tusiiguse. Kotizasio inaingia polepole, trezorie ataeleza mwenyewe na makaratasi mukononi, na benye hawajalipa banajijua. Tomati ya Zambia inaendelea kuingia na Kasumbalesa paka vile, bisanduku juu ya bisanduku, na siku inafika mingi bei mu soko ya Kenya, ile ya hapa mujini, inaanguka mbele ya saa sita. Juu ya ile tuliandika barua, tulipokelewa muzuri, tulipewa biti tukaikala, hakuna kintu ilibadilika. Basi.

Sasa mbegu.

Munakumbuka mwezi ya pili ya mwaka jana, chini ya ule muembe, nilisimama na sashe mukononi. Sashe ya mbegu ya F1, ile ya kuchanganya bazazi bawili, bei yake munaijua, kuko benye baliuzisha mbuzi juu ya kuinunua. Nilibaonyesha herufi za nyuma ya sashe nikasema hii ni rezistanti, iko na kinga, tulisha kutoka mu magonjwa. Na nikaongeza, na njo hapa inaniumaka mpaka sasa, kama muntu anapanda mbegu ingine asikuje kulia kwangu. Mulinisikia. Karibu bote tulipanda ile mbegu moja, mu mashamba yote, na kwa sababu prezida alisema ni rezistanti bantu balilegeza mikono: miti yenye kuonekana mubaya haikungolewa tena, majani ya pembeni ikaachwa imee, pepinyeri, kitalu ya miche, ikaikala wazi, ata mimi nilisema sabuni ya nini tena.

Mpaka mwezi ya munane ilikuwa furaha. Tomati ilibeba mpaka bijiti bilivunjika, bamama balikuwa banaimba wakati ya kuchuma. Halafu joto ya mwezi ya tisa ikaanza, tuinzi tweupe tukaamuka, unagusa muti moja tunaruka sawa unga mu mashini. Kwa mama moja wa Kashamata majani ya juu ikaanza kujikunja sawa kikombe, pembe zake manjano, muti ikabaki mufupi, maua ikaanguka. Juma mbili, kwa jirani yake. Halafu kwangu. Tuliita ile ugonjwa majina yote, jua, mbolea mubaya, mayi ya muto yenye kutoka ku mitambo, na muzee moja (sitamutaja, anajijua, na alisha kuomba samahani) alisema ni bulozi ya jirani wake juu shamba ya jirani haikushikwa. Sababu jirani hakushikwa nitaisema chini, na hakuna bulozi ndani.

Nilichukua miti ine mu kifuko nikaipeleka kwa agronomu moja, kijana wa hapa hapa alisoma mambo ya kulima ku Kasapa, ku iniversite yetu. Nilifikiri atanipa jina ya dawa nikimbie ku duka. Hakutaja dawa ata moja. Aliniikalisha saa mbili akanieleza, na mambo yenye nilisikia pale njo yenye nataka muyasikie, juu pesa yenu iko ndani.

Kwanza zile herufi. Siye tulikuwa tunaona herufi mingi ku sashe tunafikiri mingi ni muzuri. Kila herufi ni ugonjwa moja na jina yake, haipite pale. V na F, sawa ile ya Roma VF yenye bazee balipandaka, ni magonjwa mbili ya kunyauka yenye kuletwa na kuvu ya mu udongo, haina kazi na virisi ata kidogo. N ni tududu twa mu mizizi, twenye kufanya mizizi ivimbe bifundo bifundo, na ile kinga ya N yenyewe inalalaka kama udongo inapita joto ya digri 28, basi kule kwenye udongo ni mweusi na wazi mu mwezi ya kumi usiitegemee sana. ToMV ni virisi ya mozaiki ya tomati. TSWV ni ile ya madoa na miviringo ku matunda, inaletwa na tripsi, tududu tudogo sana. TYLCV ni ile ya kukunja majani, inaletwa na tuinzi tweupe. Halafu kuko HR na IR. HR ni kinga ya nguvu. IR ni kinga ya katikati, ni kusema muti itashikwa lakini itavumilia zaidi kuliko ingine. Yetu ku TYLCV ilikuwa IR. Niliisoma kwa macho yangu mbele yenu na nikatafsiri “haishikwe”. Hakuna duka ilinidanganya pale. Nilijidanganya mwenyewe na nikabadanganya.

Ya pili ni namna virisi inapita. Mimi nilikuwa nafikiri kinga ni ukuta, ukisha kuijenga imejengwa. Agronomu akaniuliza, papa, ulisha kuona silabusi ya banafunzi ba Kasapa? Profesa anatoa silabusi moja, mwanafunzi wa kwanza anafotokopi, wa pili anafotokopi ile fotokopi, kisha miaka tatu 3 inakuwa 8 na musitari muzima inapotea. Virisi inaishi vile. Haizale sawa kuku. Inaingia mu seluli ya muti na inalazimisha seluli itoe kopi yake, elfu na elfu, na kwa virisi ya aina ya mozaiki hakuna muntu wa kusahihisha kopi mbele itoke. Kitabu yake yote iko na herufi karibu 6,400 tu, na makosa inaingia kila siku. Karibu makosa yote inaharibu, kopi ile inakufa, hakuna muntu anajua. Lakini mu muti moja kuko kopi mingi kuliko bantu ba Lubumbashi yote, na mu shamba kuko miti mingapi? Siku moja kosa moja inaangukia pazuri, kwa virisi, kwetu pabaya.

Pazuri ni wapi? Wazia kinga ya muti sawa zamu, mulinzi ku mulango. Virisi ikisha kuingia mu seluli moja inatafuta kutoka iende ku ya pili, na juu ya ile iko na proteini yake ya kuifungulia njia, sawa muntu wa kubeba bifunguo. Zamu alifundishwa kumutambua ule wa bifunguo. Akimuona anapiga kelele, seluli ile inajiua yenyewe na zile za pembeni, moto inazimika pale pale, muti inapona. Unaona kadoa kadogo ku jani, basi. Lakini zamu anajua uso moja. Kama ule wa bifunguo anabadilisha kidogo uso yake na bifunguo bikaendelea kufungua, anapita mbele ya zamu na zamu anamuambia karibu papa.

Na hii haiko mawazo ya agronomu moja, ilisha kutokea zaidi ya mara moja mu dunia. Mu miaka ya 1960, kule Uingereza, balitoa tomati ya kwanza yenye kinga ya mozaiki, kinga ile banaiita Tm-1, ilitolewa mu tomati ya pori ya Amerika ya Kusini. Haikukawia, virisi yenye kuipita ikajaa mu mashamba ya bantu benye balipanda ile mbegu. Balimaji ba kule bako na nyumba za vioo na ba-ingenieri, na virisi ikabapita wakati bangali banasifu mbegu. Bakatafuta zamu ingine mu tomati ingine ya pori, ya upande ya Peru, Tm-2, na ndugu yake yenye banaandikaka Tm-2a. Ule ndugu alikuwa zamu wa kweli. Alisimama ku mulango miaka karibu 40, dunia nzima. Sababu? Kila mara virisi ilijaribu kubadilisha uso mbele yake, bifunguo byake bikaharibika, ikabaki mu seluli ya kwanza na uso mupya na hakuna njia. Muone, basi, hakuna kinga yenye kufanana na ingine. Kuko kinga yenye virisi inaipita bure, na kuko yenye inaiuzisha bei kali.

Bei kali haiko kusema haiwezekani. Mu mwaka 2014, mu Israeli, tomati zenye kuwa na ule zamu wa miaka 40 zikaanza kugonjwa, mozaiki ku majani, matunda na madoa ya kahawia yenye kukunjana sawa ngozi ya muzee. Mwaka yenye ilifuata ikaonekana Yordani. Ni virisi mupya, ya ukoo moja na mozaiki, banaiita ToBRFV, na proteini yake ya bifunguo njo ilibadilika mpaka zamu haioni tena. 2018 ilikuwa Ujerumani na Mexico, kisha Misri na bingine bingi. Haitaji inzi. Inasafiri na mikono, na nguo, na kisu, na kamba ya kufungia, na ku ngozi ya mbegu yenyewe, na inaweza kubaki miezi ku kijiti kikavu inakungojea. Sashe za mbegu za bei zimeanza sasa kuandika ToBRFV pembeni ya zile zingine. Zamu mupya, na virisi inafotokopi.

Ile ya madoa, TSWV, ni hadisi ya kuuma zaidi juu kinga yake banaiita Sw-5 iliingizwa mu tomati ya kuuza na bajirani betu ba Afrika ya Kusini. Kinga muzuri sana, ilisaidia bantu mingi. Na virisi iliipita na kubadilisha kipande moja tu ya ile proteini ya bifunguo, kipande moja, sawa unabadilisha herufi moja mu jina yako na inspekteri anashindwa kukupata mu liste. Balionaka ile mu Uhispania na mu Italia, na mu 2016 mu California.

Sasa yetu, ya kukunja majani. Hii inatembea njia ingine kidogo na ni hapa nataka musikilize, benye bako ku simu bafunge simu. Kinga yake kubwa ni Ty-1, nayo ya tomati ya pori. Zamu wa Ty-1 hafukuze mugeni. Anamuacha aingie na anamufunga kinywa, virisi inaikala ndani inaongea kidogo kidogo. Muti inaonekana muzima, inabeba, unachuma, unauza. Lakini virisi iko. Kainzi keupe kanakuja, kananyonya dakika 15 hivi, kanabeba, kisha saa kadhaa kako tayari kuigawa, na kataigawa karibu maisha yake yote. Basi shamba yako ya rezistanti ni muzuri kwako na ni kisima ya virisi kwa jirani mwenye alipanda Money Maker, ile mbegu ya zamani bila kinga. Na sababu ya yule jirani wa bulozi hakushikwa ni kwamba alichelewa kupanda, alikuwa kilio ya baba yake ku Likasi, miti yake ilitoka mu pepinyeri nyuma ya mvula ya kwanza wakati tuinzi tulisha kupunguka. Bulozi yake ilikuwa matanga.

Tena, virisi ya hii aina haingojee makosa ya fotokopi peke yake. Kama mbili zenye kufanana zinakutana mu muti moja, zinabadilishana vipande, nusu ya huyu na nusu ya yule. Mu Moroko, kule Souss kwenye banalimaka tomati ya kupeleka Ulaya, balipanda mbegu za Ty-1 kwa wingi, na virisi moja ya kuchanganyika vile, banaiita IS76, ikakula nafasi ya bazazi bake bote bawili, juu mu muti ya Ty-1 yeye njo alikuwa anajisikia muzuri kuliko bao. Mbegu ile njo ilimuchagua. Siye tunajua hadisi ile bila kujua, juu ni vile vile na mihogo. Ile mozaiki mubaya yenye ilimaliza mihogo mu Uganda mu miaka ya 1990 mpaka bantu balikufa njaa, ilikuwa na virisi ya kuchanganyika, kipande ya huku na kipande ya kule, na ilitembea mpaka ikaingia kwetu Kongo. Mama yoyote mwenye kutwanga sombe alisha kuona majani ile ya kukunjana na manjano, hatukuwa tunajua tunaangalia nini.

Na kinga ya Ty-1 inaweza kushindwa ata bila virisi ya kukunja kubadilika: ikiingia virisi ingine, ile ya mozaiki ya matango, mu muti moja, inavunja silaha ya zamu na ile ya kwanza inapata nguvu. Ndiyo, kupanda matango na maboga katikati ya mitaro ya tomati. Mimi nilifanya. Mulinifuata, nilisema inasaidia kivuli.

Sasa nini hasa ilitupata? Kuko bamemba benye banasema virisi ilibadilika, kwisha, mbegu za bei ni bongo, ni uongo. Mimi sitaki kukimbilia pale, juu tukitembea shamba na shamba na agronomu tulikuta bintu bingine bya aibu zaidi.

Cha kwanza, mbegu yenyewe. Shamba tatu kati ya zile zilikufa mapema hazikuwa na mbegu ya sashe. Zilikuwa na mbegu yenye mutu alikausha mu tomati ya mwaka mbele, akaitia mu sashe ya zamani, akaifunga na buji, akaiuza kwa ndugu zake ba asosiasio. Sisemi jina. F1 ni mutoto wa bazazi bawili, kinga aliipata ku upande moja. Ukipanda mbegu yake, batoto hawafanane: mu miti 4, 1 inatoka bila kinga kabisa. Na ile 1 mu kila 4 iko pale katikati ya shamba inalea virisi juu ya zile 3. Kwa tomati ya kawaida sawa Rio Grande kausha mbegu yako, hakuna mutu atakukataza, bazee balifanyaka na tulikula. Kwa F1 hapana.

Cha pili ni mustikeri. Kuko bamemba, na ni muzuri balifikiri, balifunika pepinyeri na mustikeri ya kulalia, bakashangaa miti imeshikwa ndani ya mustikeri. Matundu ya mustikeri ni ya kuzuia mbu. Kainzi keupe ni kadogo sana, kanapita pale sawa kuku anapita ku geti ya parcelle. Inatakiwa file, wavu ya matundu madogo kabisa, robo ya milimetri hivi, banaiuzisha ku metre. Na nitasema tena, mustikeri yenye leta, serikali, ilitoa juu ya batoto irudi ku kitanda ya batoto. Muti yenye inashikwa ikiwa kadogo mu pepinyeri inapoteza mingi, ata ya rezistanti inaweza kuumia. Muti yenye inashikwa ikisha kubeba matunda ya kwanza itakulipa ata kama itagonjwa.

Cha tatu njo mimi. Mbegu moja, mashamba yote, musimu moja. Agronomu alinichorea mu muchanga: kama virisi inapata kosa yake ya bahati mu shamba yenye kuzungukwa na aina zingine, inatoka inakutana na zamu wengine, inapotea. Kama inaipata mu shamba yenye kuzungukwa na mbegu ile ile mpaka kilometre kumi, ilisha kushinda tombola. Siye njo tunaipangia chakula. Kama virisi ya Katanga haikubadilika mu musimu ule, basi ni bahati, haiko kazi ya prezida wenu.

Kuko wale walisema turudi ku Money Maker ya zamani. Ile haina kinga ya virisi ata moja, kurudi pale ni kufukuza zamu juu alisinzia siku moja. Kuko wale walisema tupige dawa mara mbili kwa juma. Tuinzi tweupe natwo tunabadilika, mu inchi mingi dawa zenye zilikuwa zinatumaliza zamani sasa tunazinywa sawa mayi, na bamama bananunua tomati yetu banaikula mbichi mu kachumbari. Hapana.

Yenye naleta mbele yenu, na mutapiga kura, mukatae kama munakataa. Tununue aina tatu, si moja, na mbele ya kununua tuulize kinga ya ndani inaitwa nani, juu majina mbili tofauti ku sashe na Ty-1 mu bote bawili ni zamu yule yule na kofia ingine. Kila mutu asione haya kungoa. Muti yenye inajikunja mapema, unaingoa siku ile, mu kifuko, unaizika ao unaichoma, usiitupe ku njia kwenye tuinzi twake tutahamia kwa jirani. Sabuni na mayi pa mwanzo ya kila shamba, na wakati ya kufunga na kupunguza matawi kisu inapita mu javeli. Maziwa ya unga yenye kuchanganywa na mayi, kutia mikono ndani, nayo inasaidia ku virisi za mozaiki, najua mutacheka, banaifanya ata ku ma seri, nyumba za kulimia, makubwa ya Ulaya. Na tumbaku hapana mu shamba. Papa mwenye kuvuta anabeba mozaiki ya tumbaku ku bidole byake na ile inaingia mu tomati bila kubisha hodi. Mimi nilishaacha kuvuta mu shamba, navutia ku barabara, bibi yangu anasema haitoshi.

Kubaki mambo ya kupumzisha. Mu Jamhuri ya Dominikani, ile virisi ya kukunja ilibaingilia mu miaka ya 1990 na ikabamaliza, na dawa ilikuwa sheria: miezi tatu kila mwaka hakuna mutu anapanda kintu yenye tuinzi tunapenda. Virisi ilikosa nyumba, tuinzi tukabaki na njaa, tomati ikarudi. Nilipenda sana. Lakini kule ilikuwa sheria ya leta na hapa ni mimi na karatasi. Najua kuko bamama mu hii asosiasio benye tomati ya leo njo bukari (ugali) ya leo, miezi tatu kwao ni kusema minerval, pesa ya masomo ya batoto, hailipwe. Naomba juma sita tu, kutoka mwisho ya mwezi ya kumi na moja, wakati ya mvula kubwa kwenye tomati yetu inaozaka hata hivyo, na pale tupande lengalenga na mahindi. Benye hawawezi, basi bangoe miti mizee yote, ile yenye kubaki na tomati mbili tatu munaacha “juu ya pilipili ya nyumba”. Miti mizee njo hoteli.

Juu ya uchaguzi: mandat yangu imebakisha mwaka moja, kama munataka kuiondoa mbele ya wakati juu ya ile sashe, statuti inaruhusu, sitakasirika, nitarudi nyuma nikaikale na bapapa ba ku mwisho benye banalala mu reyunio.

File ya pepinyeri ya pamoja tulisha kuinunua, iko kwangu, ya matundu madogo. Lakini ku pembe ya kushoto panya alishaipasua mahali moja, tundu ya kuingiza bidole bitatu. Mwenye kuwa na sindano kubwa na uzi ya nilo aje siku ya posho, njo samedi, asubui, mbele ya kuweka mbegu chini.